Kipupwe Balambala: Chungu kinachotia joto na kulinda afya

JINA la Balambala huwajia Wakenya wengi akilini pamoja na jua kali, vumbi na mifugo iliyokonda kwa kiu. Ni nadra kwa mtu wa Nyandarua au Limuru, anayeamka Julai akiwa amejifunika blanketi mbili, kuamini kwamba hata huko katika Kaunti ya Garissa watu hutetemeka kwa baridi na kukimbilia jikoni.

Hata hivyo, hali ndivyo ilivyo. Eneo la Balambala, lenye wadi za Balambala, Danyere, Jarajara, Saka na Sankuri, limeegemea ukingo wa Mto Tana, karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Mwezi wa Februari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 35 za Selsiasi. Lakini kati ya Juni na Agosti, majira ambayo Wasomali huyaita Hagaa na Waswahili huyaita kipupwe, upepo huvuma kutwa kucha na joto la usiku hushuka hadi karibu nyuzi 20. Kisha Oktoba huleta mvua za vuli, ambazo wenyeji huziita Deyr, na usiku wa mvua hiyo ndio unaogopwa zaidi.

Mgeni atacheka akisikia nyuzi 20 zikiitwa baridi. Maelezo yake si magumu. Mwili uliozoea joto la nyuzi 35 huhesabu tofauti, wala si kipimo tu. Upepo huondoa tabaka jembamba la hewa yenye joto linalozunguka ngozi. Nguo zilizolowa hunyonya joto la mwili kadiri maji yanavyokauka. Zaidi ya hayo, nyumba ya herio, iliyojengwa kwa vijiti vilivyopindwa na kufunikwa mikeka, ilibuniwa kupitisha hewa wakati wa joto, wala si kuzuia ubaridi. Mtoto mchanga, mzee na mgonjwa ndio wa kwanza kuathirika.

Dawa ya kwanza ya familia nyingi huwa chungu. Vyakula vya majira haya ni rahisi kupika, havihitaji viungo vya mbali, na hekima iliyomo ndani yake inastahili kuelezwa. Vilevile vina tahadhari zake, kwa kuwa mvua zinazoleta baridi huleta na maradhi.

Chai na anjera ya alfajiri

Siku huanza kwa chai. Si chai ya rangi ya kunywa harakaharaka, bali maziwa na majani ya chai yaliyochemshwa pamoja na iliki, mdalasini, karafuu na tangawizi. Wasomali huuita mchanganyiko wa viungo vyao 'xawaash', neno ambalo msomaji wa Lamu au Mombasa atalitambua mara moja kuwa ni ndugu wa 'hawaji' ya Kiswahili. Bahari ya Hindi iliwafunza watu wa pwani na wa bara lugha moja ya jikoni.

Tangawizi ina kemikali zinazoamsha mishipa ya fahamu ile ile inayohisi joto, ndiyo maana koo na kifua hupata uvuguvugu hata baada ya kikombe kuwa tupu. Sukari huupa mwili nguvu za haraka, ingawa anayeugua kisukari hana budi kuipunguza. Aidha, chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika nafaka na kunde. Kwa hivyo ni vyema mama mjamzito na mtoto wanywe chai baada ya muda kupita tangu chakula, wala si pamoja nacho.

Pamoja na chai huja anjera, mkate mwembamba wenye vitundu. Unga wa mtama, wa mahindi au wa ngano, au mchanganyiko wake, hukorogwa kwa maji vuguvugu na chachu kidogo hadi uwe kama uji mwepesi, kisha huachwa uumuke usiku kucha. Hapa ndipo baridi inapomsumbua mpishi. Chachu ni kiumbe hai na hufanya kazi polepole pasipo joto. Unga uliokorogwa saa tatu usiku huenda ukawa bado umelala alfajiri. Ufumbuzi ni kutumia maji yenye uvuguvugu zaidi, yasiyochoma kidole, kulifunika bakuli kwa kitambaa kizito na kuliweka karibu na mafiga yaliyozimwa. Wengine hubakiza kikombe cha unga wa jana uliokwisha kuumuka, wakauchanganya na wa leo.

Asubuhi, upawa mmoja humiminwa katikati ya kikaango bapa na kutandazwa kwa mgongo wa upawa huo, kwa mzunguko, kutoka katikati kwenda pembeni. Kikaango hufunikwa. Anjera haigeuzwi, ikishatoa vitundu na kukauka juu, imeiva. Huliwa ikiwa moto, imepakwa samli na kunyunyiziwa sukari, au imemwagiwa chai. Samli si anasa hapa. Gramu moja ya mafuta huupa mwili nguvu zaidi ya maradufu ya gramu moja ya wanga, nao mwili unaopambana na baridi huhitaji nguvu hizo.

Supu na ambulo

Mchana au jioni ni zamu ya supu, ambayo Wasomali huiita 'maraq'. Kilo moja ya nyama ya mbuzi yenye mifupa hutiwa katika lita tatu za maji, pamoja na kitunguu, kitunguu saumu na chumvi, na kuachwa ichemke polepole kwa muda wa saa mbili. Viazi, karoti na nyanya hutiwa mwishoni ili visiyeyuke. Dania na maji ya ndimu hufuata chungu kikiwa kimekwisha kuteremshwa. Haraka haina baraka katika mapishi haya. Ule uzito wa supu unaoganda midomoni hutokana na kano na ngozi zinazoyeyuka taratibu kuwa utelezi, jambo ambalo moto mkali wa nusu saa hauwezi kulifanya.

Penye uhaba wa nyama, hakuna mlo unaoshinda 'ambulo', yaani mahindi na maharagwe, au kunde, yaliyopikwa pamoja. Mkenya wa Mlima Kenya ataifananisha na githeri, na Mtanzania ataiita makande, lakini umaliziaji ni tofauti. Ambulo haikaangwi kwa nyanya. Hukolezwa samli au mafuta ya ufuta, kisha sukari, ikaliwa ikifuka moshi. Mchanganyiko wa nafaka na jamii ya kunde hukamilisha protini ambazo kila kimoja kinazikosa, hivyo familia isiyo na nyama haikosi chakula cha kujenga mwili.

Nafaka na maharagwe hayo hulowekwa usiku kucha. Kuloweka hupunguza muda wa kupika na hivyo kuokoa kuni, bidhaa ambayo kila mwaka hutafutwa mbali zaidi. Katika maeneo mengi ya mto huo, kuni zinazopatikana kwa wingi ni za mathenge, mti wa miiba ulioletwa katika maeneo kame ya Kenya miaka ya 1970 na 1980 kuzuia jangwa, na ambao baadaye ulivamia malisho na mashamba. Jikoni, walau, mti huo unalipa deni lake, kwani makaa yake huwaka kwa moto mzuri.

Akiba haiozi

Chakula kinachoipa fahari jamii hii ni nyirinyiri. Nyama ya ngamia au ya ng'ombe hukatwa vipande virefu vyembamba, hutiwa chumvi na kuanikwa. Ikikauka hukatwakatwa vipande vidogo mithili ya punje za mahindi, hukaangwa hadi maji yaishe kabisa, kisha huhifadhiwa ndani ya samli iliyotiwa iliki na kitunguu saumu. Bila maji, vijidudu vinavyoozesha nyama haviwezi kuzaana, na samli iliyoganda juu huizuia hewa. Nyama hiyo hukaa miezi kadhaa bila jokofu. Kijiko kimoja au viwili juu ya anjera hutosha kuwa kitoweo.

Umuhimu wa akiba hiyo ulidhihirika katika miaka ya karibuni. Kuanzia mwishoni mwa mwaka wa 2020, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua za kutosha, na hadi mapema 2023 mifugo zaidi ya milioni mbili ilikuwa imekufa nchini Kenya. Kisha, Novemba 2023, mvua za El Nino ziliufanya Mto Tana uvunje kingo na barabara ya kuingia mjini Garissa kupitia Madogo ikakatika. Mafuriko yalirudi Aprili na Mei 2024. Malori yakikwama, unga na mafuta hupanda bei madukani. Nyumba yenye kopo la nyirinyiri, gunia la nafaka kavu na chupa ya samli huwa na muda wa kusubiri maji yapungue. Lakini familia iliyopoteza mifugo yake yote haina nyama ya kukausha, na kwayo ambulo si chaguo bali ndicho chakula kilichobaki.

Moto unaoponya na moto unaoua

Mvua kubwa Garissa huambatana na kumbukumbu chungu. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilizusha homa ya Bonde la Ufa katika kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia. Ugonjwa huo uliripotiwa tena Garissa mnamo Desemba 2006, na hadi Machi 2007 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu visa 684 nchini Kenya, vikiwemo vifo 155.

Chanzo chake ni mbu ambao mayai yao hukaa ardhini miaka mingi yakisubiri mafuriko. Mbu hao huambukiza mifugo, nao wanadamu huambukizwa na mbu, au kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa wakati wa kuchinja, kuchuna au kumzalisha. Dalili inayopasa kumshtua mfugaji ni mbuzi, kondoo au ng'ombe wengi kuharibu mimba kwa wakati mmoja. Mnyama wa namna hiyo hafai kuchinjwa, hata kama familia ina njaa. Afisa wa mifugo ndiye wa kuitwa kwanza.

Kwa upande wa jiko, kinga ni ile ile inayoleta utamu: moto wa kutosha. Nyama iliyochemshwa saa mbili na maziwa yaliyochemshwa hadi kuumuka hayana virusi hai. Hali kadhalika kuhusu bruselosi, ugonjwa unaosababisha homa za kwenda na kurudi na maumivu ya viungo, ambao hupitia katika maziwa mabichi. Wafugaji wengi huyasifu maziwa mabichi ya ngamia, na ni kweli kwamba yana vitamini C nyingi kuliko ya ng'ombe. Vilevile, desturi ya kufukiza vyombo vya maziwa kwa moshi wa vijiti hupunguza vijidudu na kuyapa maziwa harufu inayopendwa. Hata hivyo, moshi hauchukui nafasi ya kuchemsha. Chai ya maziwa, kwa hivyo, ni zaidi ya starehe. Ni njia rahisi ya kumfanya kila mtu nyumbani anywe maziwa yaliyochemka.

Kuna sumu moja ambayo moto hauiwezi. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliwaua watu 125 nchini, wengi wao katika sehemu za Makueni na Kitui. Kuchemsha hakuiondoi. Punje zenye ukungu au rangi ya kijani zisipikwe ambulo wala zisisagwe, na gunia liwekwe juu ya mbao, mbali na sakafu yenye unyevu.

Hatari ya mwisho huja baada ya chakula. Mpishi amemaliza, makaa bado ni mekundu, watoto wanasinzia, na upepo unapuliza nje. Kishawishi cha kuliingiza jiko la makaa chumbani na kufunga mlango ni kikubwa. Makaa hayo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Anayeivuta akiwa usingizini huenda asiamke. Herio la mikeka hupitisha hewa, lakini nyumba za mawe na mabati, ambazo zimezidi kuongezeka katika vituo vya biashara, hazifanyi hivyo. Jiko libaki nje.

Wa kuingia ndani ni wenyewe, wakiwa wameshiba. Tumbo lenye supu ya moto na anjera yenye samli huendelea kuzalisha joto kwa saa kadhaa chakula kinapomeng'enywa. Huko Balambala, mama anayewagawia wanawe kikombe cha mwisho cha chai kabla ya kulala anawavika blanketi ambayo upepo wa Hagaa hauwezi kuipeperusha.