Mama Mukubwa Anasahau: Je, Ni Uchawi?

Mama mukubwa ametia chumvi mara tatu mu chakula. Kesho yake anauliza mutoto wake: "Weye ni nani?" Majirani wanaanza kunong'ona: uchawi. Kumbe ni bongo inayogonjwa.

Mwaka wa 1906, munganga Alois Alzheimer wa Ujerumani alichunguza bongo ya mwanamuke aliyepotewa na akili. Aliikuta imenyauka, imejaa madoa. Lakini mama yule alikuwa amekwisha kufa. Kwa miaka mingi ilikuwa hivyo: madoa yale yalionekana kisha kifo.

Mwaka wa 2002, kule Uppsala, inchi ya Sweden, jambo jipya lilitokea. Waganga walimuchoma mugonjwa dawa yenye mionzi kidogo, iliyotengenezwa Pittsburgh, Marekani. Dawa ilipanda mpaka ku bongo, ikashika madoa, na mashini ya picha inayoitwa PET ikayaonyesha, mutu angali muzima. Leo tunajua madoa yanaweza kuanza miaka 15 ao 20 mbele ya kusahau.

Lakini picha si hukumu. Wazee wengine wana madoa na akili zao ziko sawa. Tena si kila kusahau ni ugonjwa huu: huzuni nyingi, ukosefu wa vitamini ao dawa fulani vinaweza kuleta kusahau, na hivyo vinatibika.

Mashini ile ni ya bei kali, ndiyo. Lakini kumupeleka mama kwa munganga mapema, tunaweza. Na kumwita muchawi, tuache.