Matumizi Salama ya Dawa za Msokoto wa Tumbo

Katika vyama vyetu vya msingi, mwanachama anaposhikwa na msokoto wa tumbo, mara nyingi dawa ya kwanza si ile aliyoandikiwa na daktari, bali ni vidonge alivyopewa na jirani aliyewahi kuugua vivyo hivyo. Jambo hili hutendeka kwa nia njema, kwa kuwa kusaidiana ni desturi ya wanaushirika. Lakini dawa si jembe la kuazimana. Madhumuni ya makala haya ni kuwaeleza makatibu na wanachama jinsi dawa hizo zinavyofanya kazi, na hadhari zinazopasa kuchukuliwa.

Namna zinavyofanya kazi

Kuta za tumbo na za matumbo zina misuli inayojikaza na kulegea ili kusukuma chakula. Misuli hiyo haitawaliwi na hiari yetu; hupokea amri kutoka katika mishipa ya fahamu. Amri zikizidi, misuli hujikaza kwa nguvu, na hapo ndipo mtu huhisi tumbo likisokota. Dawa mbili zinazoandikwa mara nyingi ni haiosini butilibromidi, ambayo wengi huijua kwa jina la biashara la Buscopan, na disaiklomini. Zote mbili huzuia amri hizo zisiifikie misuli, nayo hulegea.

Yafaa ieleweke kwamba dawa hizi haziui amiba wala minyoo, wala haziponyi vidonda vya tumbo. Hutuliza maumivu tu, na chanzo chake hubaki pale pale mpaka kitafutwe na kutibiwa.

Tena, amri za namna hiyo hiyo ndizo zinazoongoza mate, jasho, mboni za macho, mapigo ya moyo na kibofu cha mkojo. Kwa sababu hiyo mtumiaji aweza kukaukwa na kinywa, kufunga choo, kuona ukungu machoni, moyo kwenda mbio, au kupata shida ya kukojoa. Kinywa kikavu ni usumbufu mdogo. Lakini mkojo ukikataa kutoka kabisa, au jicho likiwa jekundu na kuuma sana, mgonjwa aache dawa na kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Wanaopaswa kujieleza kwanza

Kabla ya kuandikiwa dawa, ni wajibu wa mgonjwa kumweleza daktari iwapo ana mojawapo ya mambo haya:

(a) presha ya macho;
(b) tezi dume iliyovimba, au shida yoyote ya mkojo;
(c) ugonjwa wa moyo, hasa moyo kwenda mbio;
(d) kuziba kwa utumbo, au ugonjwa wa misuli kuishiwa nguvu;
(e) mimba, au mtoto anayenyonya.

Aidha ataje dawa nyingine anazotumia. Baadhi ya dawa za mafua na mzio, kama piritoni, na baadhi ya dawa za sonona hukausha mwili kwa njia ile ile, na zikikutana madhara huongezeka. Wazee waweza kuchanganyikiwa au kuanguka. Disaiklomini haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miezi 6, kwani yaweza kumzuia kupumua. Wala mama anayenyonyesha asiitumie.

Namna ya kuzitumia

Kwanza, mgonjwa afuate kipimo na saa alizoandikiwa, wala asiongeze kidonge kwa kuwa maumivu yamechelewa kutulia. Pili, akisahau dozi moja asimeze mbili kwa pamoja. Tatu, dawa ya kupunguza asidi tumboni isimezwe wakati mmoja na disaiklomini, kwa sababu huipunguzia nguvu; aulize muda wa kuzitenganisha. Nne, aepuke pombe. Tano, vidonge vikae katika pakiti yake yenye maandishi, mbali na watoto.

Mkulima analo jambo la ziada la kukumbuka. Jasho ndilo linalopoza mwili, na disaiklomini hulipunguza. Anayeitumia afanye kazi ya shamba asubuhi na jioni, anywe maji ya kutosha, na apumzike kivulini jua linapokuwa kali. Akionekana ngozi imekuwa ya moto na anaanza kusema ovyo, apelekwe kivulini, apoozwe kwa maji na kukimbizwa hospitali. Vile vile dereva wa lori la chama na mwendesha mashine wasishike kazi wakiona ukungu au kizunguzungu.

Maumivu yasiyofaa kutulizwa

Yako maumivu ambayo kuyatuliza ni kuyaficha. Maumivu yanayoanza karibu na kitovu kisha kuhamia chini upande wa kulia yaweza kuwa ya kidole tumbo, nacho kikipasuka huhatarisha maisha. Mgonjwa asingoje ikiwa tumbo limekuwa gumu, anatapika mfululizo, ana homa, choo na hewa havitoki, choo kina damu au ni cheusi kama lami, au ngiri imebanwa na kuuma. Mwanamke aliyekosa siku zake akapatwa na maumivu makali chini ya tumbo apelekwe upesi, kwani mimba yaweza kuwa imetunga nje ya mji.

Zaidi ya hayo, msokoto wa tumbo unaomshika mtu aliyetoka kupulizia dawa ya wadudu usichukuliwe kuwa ugonjwa wa kawaida. Sumu za jamii ya oganofosfeti huleta msokoto, kutapika, kuhara, mate na jasho jingi, mboni ndogo na misuli kutetemeka. Mtu huyo asipewe vidonge vya tumbo. Avuliwe nguo zilizoingia sumu, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, naye anayemhudumia avae glavu. Kisha apelekwe hospitali pamoja na karatasi ya maelezo ya sumu ile, ili mganga ajue aina yake.

Wajibu wa makatibu

Makatibu wanaombwa kuyasoma makala haya katika mikutano ya wanachama, hasa kabla ya msimu wa kupulizia, na kubandika ukutani mwa ghala maelezo ya namna ya kumsaidia aliyedhuriwa na sumu. Inafaa pia kila chama kipange mapema usafiri wa kumfikisha mgonjwa hospitali usiku. Mwenye vidonge vilivyobaki avirudishe zahanati au duka la dawa, asimgawie mwenzake. Tusaidiane kwa kumsindikiza mgonjwa kwa mganga, maana huko ndiko chanzo cha maumivu yake kitakakojulikana.