Kompyuta zisizo na diski: Nafuu ipo, ila seva ndiyo roho

KOMPYUTA za mitumba zinazouzwa bila diski zinaweza kuwa nafuu kwa shule na vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa katika kata kama Ihembe, wilayani Karagwe, mradi mnunuzi apige hesabu ya mtandao na umeme kabla ya kutoa fedha.

Mashine nyingi za aina hiyo hutoka katika ofisi zinazobadili vifaa. Wenyewe hung'oa diski ili siri za wateja zisitoke nje. Aidha, Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi ambazo bado nzima hazina sifa za kupokea Windows 11.

Badala ya kununua diski kwa kila mashine, mnunuzi anaweza kuweka diski bora katika seva moja, nyingine zote zikasoma humo kwa kebo. Mashine ikiwashwa, programu ndogo iliyomo katika kadi ya mtandao, iitwayo PXE, huomba anwani. Seva huijibu na kuitajia faili la kuanzia. Mashine hulipakua faili hilo katika kumbukumbu yake, kisha huendelea kusoma mafaili mengine kwa seva kana kwamba diski iko ndani yake. Moja ya njia za kusoma hivyo ni NFS, iliyobuniwa na kampuni ya Sun ya Marekani mwaka 1984.

Programu ya LTSP, iliyoanza mwaka 1999, hufanya kazi hiyo kwa Linux na haina ada ya leseni. Afrika Kusini iliitumia katika maabara za shule zilizofadhiliwa na Shuttleworth Foundation miaka ya 2000.

Faida kubwa iko katika matunzo. Fundi hurekebisha nakala moja tu, na mashine 20 hupata marekebisho hayo zikiwashwa upya. Kwa kata iliyo mbali na mafundi, nauli inayookolewa ni fedha halisi.

Hata hivyo, swichi ya bei ya chini inaweza kuharibu hesabu yote. Tuseme kila mashine inahitaji megabaiti 300 ili iwake. Mashine 20 zitahitaji megabaiti 6,000. Swichi ya megabiti 100 hupitisha kutoka kwa seva megabaiti 12.5 kwa sekunde, hivyo darasa litasubiri dakika 8. Kwa swichi na seva za megabiti 1,000, kazi hiyo huchukua sekunde 48.

Hatari nyingine ni seva kuzimika. Ikizimika siku ya mizani, karani hawezi kuandika kilo za mkulima katika mashine yoyote, na malipo huchelewa. Kwa hiyo bajeti lazima iwe na betri ya akiba ya seva na swichi, diski mbili zenye nakala ileile, pamoja na mashine moja yenye diski yake inayoweza kushika kazi ya seva.

Kwa mashine mbili au tatu, gharama hizo huzidi bei ya diski zenyewe, na ni heri kununua diski. Nafuu huanza kuonekana mashine zinapokuwa nyingi, ndani ya jengo moja, na kazi zake zinafanana.