Louvre Haimaliziki kwa Siku Moja

Swali ambalo wataalamu wa sanaa huulizwa hadi kuchosha kuhusu Makumbusho ya Louvre, jijini Paris, ni namna ya kuyaona yote kwa siku moja. Makumbusho haya, yaliyokuwa kasri la wafalme wa Ufaransa kabla ya kufunguliwa kwa umma mwaka 1793, huonyesha kazi zipatazo 35,000, na siku ya kawaida hufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Muda huo ni sekunde 32,400, kwa hiyo hata mgeni asiyekula, asiyekaa wala asiyepanda ngazi angepata chini ya sekunde moja kwa kila kazi. Anayejigamba kuwa aliyamaliza alihesabu milango.

Imani kwamba yote yanaweza kuonwa kwa siku moja imezaa tiba bandia inayouzwa kwa jina la ratiba ya mkato: kukimbilia Mona Lisa mara lango linapofunguliwa, kupiga picha, kisha kuzirukiaruka kazi nyingine mashuhuri. Ubovu wake uko wazi, kwani humpeleka kila mtu mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mchoro huo wa Leonardo da Vinci, uliochorwa juu ya ubao, una kimo cha sentimita 77 na upana wa sentimita 53 tu, nao umewekwa nyuma ya kioo kisichopenywa na risasi, hivi kwamba aliye katikati ya umati huona zaidi simu za waliomtangulia. Umaarufu wake ulikuzwa mno na wizi wa mwaka 1911, uliofanywa na Mwitaliano Vincenzo Peruggia, jambo linalohusu polisi kuliko ufundi wa brashi. Ukuta unaoukabili una mchoro wa Veronese wa harusi ya Kana, wa mwaka 1563, wenye upana wa karibu mita 10, ambao umati huohuo huupa mgongo. Na katika Grande Galerie, ushoroba mrefu ulio jirani, kazi nyingine za Leonardo huyohuyo hutazamwa bila kusukumana.

Linalowezekana ni mgeni kuchagua bawa moja, yaani upande mmoja wa jengo, kati ya Denon, Sully na Richelieu. Kukata mapema mtandaoni tiketi yenye saa ya kuingia. Kuepuka Jumanne, siku ya mapumziko. Na kupendelea jioni za Jumatano au Ijumaa, ambapo milango hufungwa saa tatu usiku. Atakaye utulivu aanzie Richelieu, iliko nguzo ya jiwe yenye sheria za mfalme wa kale Hammurabi. Walio chini ya miaka 18 hawalipi kiingilio. Muda wa saa tatu unatosha. Baada ya hapo macho huchoka, na mgeni mwenye busara hutoka.