Fahamu: Waogaji na boti wanavyoweza kugawana maji Nyamisati

Huko Paje, mashariki mwa Unguja, pepo za kusi na kaskazi zikivuma, wanaoteleza majini kwa kuvutwa na tiara hujaa, na mwogeleaji hulazimika kukaa mbali na kamba zao. Delta ya Rufiji haijulikani kwa mchezo huo. Tatizo la maji mamoja na watumiaji wengi, hata hivyo, lipo.

Nyamisati, ndani ya delta hiyo wilayani Kibiti, boti za kwenda Mafia hupita kwenye mikondo ileile ya wavuvi wenye mitumbwi. Maji yakitoka, matope hubaki wazi na vyombo vyote husongamana penye kina. Hapo hatari huzidi. Maji ya delta ni ya tope, hivyo mwogaji aliyezama kidogo tu haonekani. Na boti ndogo ikikimbia, omo huinuka na kumziba macho nahodha aliyekaa nyuma kwenye mashine. Rafadha haisamehe.

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, zinadai mambo matatu yanayofaa sana hapa: kuangalia pande zote kwa makini muda wote, kwenda mwendo salama, na kushika upande wa kulia kwenye mkondo mwembamba.

Kuelekea mtoni, chumvi inapopungua, wamo pia mamba na viboko. Huko kuoga mtoni kuepukwe kabisa.

Kwenye gati, maboya machache ya kutenga eneo la kuogea yangekuwa mwanzo mzuri. Wazazi, hadi yawekwe, msiruhusu watoto kuoga karibu na boti.