Baiskeli, Kamera na Foto za Wazee Wetu

Wanafunzi wa madarasa ya chini wameniuliza mara nyingi: "Doyen, kila siku ya posho unapanda kinga na mfuko mgongoni, unaendaka kutafuta nini?" Wengine wamesema nafanya biashara. Wengine wamesema nina mchumba kule Fizi. Si hili wala lile. Kwa kuwa Bwana Prefe wa masomo ameniomba niandike kitu kwa gazeti letu mbele ya kuingia katika mtihani wa Serikali, nitaeleza, na waliosema habari za mchumba wasome mpaka mwisho.

Napenda vitu viwili: baiskeli na kamera. Baiskeli yangu si ile nzuri mnayoiona kwenye kalenda. Ni VTT ya zamani iliyovuka ziwa toka Kigoma, nayo imekwisha kubadilishwa viungo vingi, hata sijui kama jina lililoandikwa juu ya chuma bado ni lake. Kamera ni ndogo, ya dijitali, niliachiwa na mjomba. Kioo chake cha nyuma kimepasuka kwenye pembe, lakini jicho lake ni zima.

Kazi hii ilianza 2024, wakati Ziwa Tanganyika lilipopanda na maji yakaingia katika nyumba nyingi za pwani. Nyumba ya shangazi yangu ilikuwa moja yao. Alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani yake foto za ukoo mzima, zimeshikana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Shangazi aliona hasara kuziacha hivyo, akazibandua kwa kisu. Uso wa babu ukabaki nusu kwenye karatasi hii na nusu kwenye ile. Ilikuwa foto yake pekee, na mimi sikumwona babu akiwa hai.

Usiku ule nilifungua kamera yangu. Nilikuta foto arobaini za jua likitoka nyuma ya Ubwari. Arobaini! Ya babu, hata moja hakuna, na ile foto ilikuwa ukutani kwa shangazi miaka yote nilipokuwa nikienda kula ugali na ndagala kwake.

Basi tangu hapo nazunguka vijiji na kupiga foto za foto. Najua inachekesha. Lakini fikirini: kwa jamaa nyingi za huku foto zilipotea zamani, mbele ya maji. Katika vita ya 1996 watu walivuka ziwa kwenda Kigoma, na wengi wakafikishwa kambi ya Nyarugusu. Mtu akikimbia usiku anabeba mtoto na sufuria. Habebi foto ya ukutani. Zilizobaki ni chache, na ziko mbali mbali, moja kwa mama mkubwa, moja kwa mzee wa kanisa. Njo maana baiskeli inahitajika.

Namna ya kufanya ni rahisi, ila watu huikosea. Uso wa foto ya zamani umepakwa jelatini, kitu kinachotengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, ndugu wa gundi. Ikilowa inavimba na kunata; ikikauka juu ya kioo, inakuwa kitu kimoja nacho. Kwa hiyo foto iliyoshikana na kioo usiitoe. Ipige hapo hapo ndani ya fremu. Itoe nje ya nyumba, lakini si juani. Iweke kivulini karibu na mlango, mwanga uje kutoka ubavuni. Zima taa ya kamera, maana ikiwaka inarudi katika kioo kama jua dogo na kula uso wa mtu. Shika kitambaa cheusi mbele ya kifua chako, la sivyo shati letu jeupe la shule litaonekana kwenye kioo pamoja na babu. Kamera itazame foto sawasawa, isiinamie upande wowote, ama babu atatoka na kichwa kikubwa na miguu ya mtoto. Halafu uliza majina ya wote waliomo na uandike katika daftari pale pale, wala usijidanganye kwamba utakumbuka. Mimi nina foto ya vijana watatu wenye suruali pana, nzuri sana, na mwenye kujua majina yao alifariki kabla sijarudi kumwuliza.

Na foto zikilowa? Usizingoje zikauke pamoja, wala usichukue kisu. Ziweke katika beseni la maji safi, ziachane polepole zenyewe, kisha zilaze moja moja, uso juu, fasi yenye kivuli na upepo. Hayo shangazi hakuambiwa na mtu. Mimi pia niliyajua nyuma.

Sasa njia. Toka Baraka mpaka Fizi-centre ni zaidi ya kilometa thelathini, na Fizi iko juu milimani. Kupanda ni jasho tu. Ukichoka unashuka na kusukuma, hakuna aibu. Hatari iko katika kurudi. Uzito wako na wa baiskeli unapoteremka unataka kukimbia, na freni haifuti mbio hiyo, inaigeuza kuwa moto. Gusa chuma cha gurudumu baada ya mteremko mrefu na utaelewa (guseni kidogo tu, mimi niliunguza kidole). Ukikamata freni bila kuachia toka juu mpaka chini, chuma kinachemka na mpira wa ndani unaweza kupasuka wakati unapouhitaji zaidi. Afadhali kamata kwa nguvu, achia, kamata tena, ukisukuma kiti nyuma kwa makalio yako, na mvua ikinyesha anza kukamata mapema, kwani chuma chenye maji hakishikiki vizuri.

Nimesoma kwamba 1976 vijana wa California, Marekani, walianza kushindana kuteremka mlima mmoja karibu na mji wa Fairfax. Walitumia baiskeli nzito za zamani, zile za kukanyaga pedali kinyume ili zisimame. Wakifika chini, grisi ndani ya freni ilikuwa imeungua na kutoka moshi, ikalazimu kutia mpya. Njia hiyo wakaiita Repack, maana yake kutia grisi upya. Katika mchezo huo ndimo zilimotoka VTT za leo, na 1996 zikaingia katika Michezo ya Olimpiki kule Atlanta. Niliposoma hayo niliwakumbuka wanaume wanaoteremsha bidoni za mawese na mifuko ya muhogo kutoka milima yetu, na kandambili miguuni. Hao hawajapewa medali na mtu.

Mwalimu wetu wa historia aliniambia siku moja kwamba pine na kamera vilikwisha kukutana katika Kongo zamani, na havikukutana kwa furaha. Ni kweli. 1888 John Boyd Dunlop alitengeneza kule Belfast pine ya mpira yenye upepo kwa baiskeli ndogo ya mtoto wake. Baada ya miaka michache Ulaya nzima ilitaka mpira, na mpira ulikuwa katika misitu ya Kongo, ambayo wakati ule ilihesabiwa kuwa mali ya mfalme Leopold II. Watu walilazimishwa kuuchuma. Kijiji kisichotimiza kipimo kilitumiwa askari. 1904, kule Baringa katika Ekwateri, mtu mmoja aliyeitwa Nsala alifika kwenye misioni ya Kiprotestanti na kifurushi cha majani. Ndani yake kulikuwa na mkono na mguu wa binti yake Boali, mwenye miaka mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Mke wa mmisionari, Alice Seeley Harris, alikuwa na kamera. Alimkalisha Nsala barazani na akapiga foto. Foto hiyo na nyingine zilionyeshwa Uingereza na Marekani katika mikutano mingi, kwa taa ya kurushia picha ukutani, na waliokuwa wakikana wakakosa la kusema. 1908 Leopold aliondolewa Kongo mikononi.

Naiheshimu sana foto ile. Lakini kuna jambo linalonisumbua, na nalisema kama maoni yangu mwenyewe. Dunia inamjua Nsala katika saa ile tu, iliyo mbaya kupita zote za maisha yake.

Nililiwaza sana jambo hilo baada ya siku moja katika kijiji cha njiani, sitakitaja. Bibi mmoja alikuwa ameketi mbele ya ukuta wa nyumba yake ulioangushwa na mvua. Nilisimamisha baiskeli, nikasalimu upesi upesi, nikainua kamera. Niliona itakuwa foto nzuri. Akainua mkono.

"Weye mtoto wa nani?"

Nikamwambia jina la baba na la ukoo.

"Na hukufundishwa kubisha hodi? Kila mwenye kamera anatukamata sisi tukilia. Juu ya mvua, juu ya vita. Ngoja."

Aliingia ndani ya ile sehemu iliyobaki, akakawia. Mimi nikabaki nimesimama juani na haya zangu. Alipotoka alikuwa amevaa kitenge cha Jumapili na kilemba, akageuza kiti ili ukuta uwe nyuma yangu mimi, si nyuma yake. Kisha akasema, "Sasa kamata."

Tangu siku ile naomba kwanza, na nangoja. Askari, bariyeri na madaraja siyapigi kabisa, na ninyi msijaribu. Kwenye bariyeri moja nilipokonywa kadi ya kamera yenye kazi ya miezi miwili, pamoja na nyuso za wazee sita, na sikuiona tena.

Foto ya yule bibi ningependa kuwaonyesha hapa, lakini mashine yetu ya kunakili inageuza kila uso kuwa doa jeusi. Imekwisha kutolewa kwenye karatasi. Iko katika kitabu changu cha hesabu, na nitampelekea posho ijayo kama mvua haitaharibu njia. Huyo njo mchumba wangu wa Fizi.

Mwenye foto ya zamani nyumbani ailete siku ya Jumatano baada ya masomo, darasa la sita, dirisha la upande wa ziwa. Ailete pamoja na fremu yake, na majina.