Vichwa Vidogo katika Makala ya Kitaaluma: Safari ya Hoja kutoka Kiunzi hadi kwa Msomaji

Makala ya kitaaluma, iwe tasnifu ya shahada ya umahiri, ripoti ya utafiti au makala ya jarida, huwa na wasomaji wachache wanaoisoma neno kwa neno na wengi zaidi wanaoipitia kwa haraka wakitafuta sehemu inayowahusu. Mtahini hutaka kuona kama hoja zinafuatana, mtafiti hutaka kujua data zilikusanywaje, na ofisa wa kilimo au wa afya hutaka kufika moja kwa moja kwenye matokeo na mapendekezo. Wote hao huongozwa na vichwa vidogo, yaani yale maneno machache yanayotangulia kila sehemu na kutaja jambo linalozungumziwa humo. Pamoja na umuhimu huo, vichwa vidogo mara nyingi huandikwa kwa pupa, kwa kunakili kiunzi kama kilivyo, na kwa sababu hiyo utafiti uliofanywa kwa bidii huishia kusomeka kwa taabu.

Kiunzi ni orodha ya hoja ambayo mwandishi huipanga kabla ya kuanza kuandika ili asipotee njiani. Kwa kuwa ni chombo chake mwenyewe, kinaweza kuwa na maneno ya mkato, maswali yasiyo na majibu na vikumbusho ambavyo mtu mwingine hawezi kuvielewa. Kichwa kidogo ni cha msomaji ambaye hakuwapo wakati hoja zilipokuwa zikichambuliwa, na ambaye hana njia nyingine ya kujua sehemu inayofuata imewekwa pale kwa sababu gani. Kugeuza kiunzi kuwa vichwa vidogo, kwa hiyo, ni kazi ya kufikiri upya, na mwandishi anayeifanya kwa makini huiboresha makala yake kabla hata ya kuandika aya ya kwanza.

Chimbuko la mgawanyo unaotumika leo

Jarida la Philosophical Transactions lilipoanzishwa London mwaka 1665 chini ya uhariri wa Henry Oldenburg, sehemu kubwa ya yaliyochapishwa humo ilikuwa barua na taarifa za wataalamu, ambazo zilisimulia uchunguzi kwa mfululizo bila mgawanyo maalumu. Kadiri sayansi ilivyopanuka na makala zilivyoongezeka, wasomaji walihitaji njia ya kuipata sehemu wanayoitaka bila kusoma masimulizi yote, na katika karne ya 20 ukaenea mgawanyo wa sehemu nne: utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala. Kufikia miaka ya 1980 mgawanyo huo ulikuwa umekuwa kanuni katika majarida makubwa ya tiba.

Katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki mgawanyo huo umechukua sura pana zaidi. Tasnifu zinazoandikwa kwa Kiswahili, zikiwamo za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aghalabu huanza na sura ya utangulizi yenye usuli wa tatizo, tamko la tatizo, malengo na maswali ya utafiti, kisha hufuata mapitio ya maandiko pamoja na kiunzi cha nadharia, mbinu za utafiti, uwasilishaji na uchambuzi wa data, na mwishoni muhtasari, hitimisho na mapendekezo. Mpangilio huo ni msaada mkubwa kwa mwanafunzi, lakini humaliza nusu tu ya kazi. Kichwa kinachosema "Uchambuzi wa Data" kinaweza kuwekwa katika tasnifu yoyote ile, na kinachoitofautisha tasnifu moja na nyingine ni vichwa vya ndani, ambavyo hakuna mwongozo wa chuo unaoweza kumwandikia mwanafunzi.

Mfano: kiunzi cha utafiti kuhusu sumukuvu

Ichukuliwe makala inayochunguza sumukuvu katika mahindi ya wakulima wadogo. Sumukuvu ni sumu inayozalishwa na aina fulani za kuvu zinazoota kwenye nafaka na karanga. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 sumu hiyo hiyo ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Kiunzi cha mwanzo cha makala hiyo kinaweza kuwa hivi:

- Usuli, vifo vya 2004 na 2016
- Mahindi: kuvuna, kukausha chini, unyevu
- Wakulima wanasemaje
- Ghala, vihenge, mifuko
- Vijiji gani, watu wangapi
- Sampuli, maabara
- Mambo mengine: bei, mvua, wanunuzi
- Nini kifanyike

Mwandishi anakielewa kiunzi hiki bila shida, lakini kikinakiliwa na kufanywa vichwa kitamchanganya msomaji. Hatua ya kwanza ni kukiuliza kila kipengele kinajibu swali gani. Kipengele cha "Wakulima wanasemaje" hubainika kuwa kina maswali mawili, kwa sababu mambo ambayo wakulima wanayajua kuhusu sumukuvu si lazima yalingane na yale wanayoyatenda shambani na ghalani, na makala nzuri hutenganisha ujuzi na utendaji. Vipengele vya vijiji, watu na sampuli hujibu swali moja la namna utafiti ulivyofanyika, hivyo hukusanywa pamoja na kutangulizwa mbele ya matokeo, kwani msomaji hawezi kuyaamini matokeo asiyojua yalipatikanaje.

Kipengele cha "Mambo mengine" ndicho kinachohitaji uangalifu zaidi. Kipengele cha namna hiyo karibu kila mara ni dalili kwamba mwandishi ameona jambo lenye uzito lakini bado hajajua uhusiano wake na hoja kuu. Akiendelea kujiuliza, ataona kwamba mvua humzuia mkulima kukausha mahindi vizuri, na kwamba bei na wanunuzi humfanya aharakishe kuyafungasha kabla hayajakauka. Mambo hayo matatu kwa pamoja yanaeleza kwa nini mahindi yanaingia ghalani yakiwa na unyevu, na hiyo ndiyo hoja ya mjadala. Baada ya kazi hiyo, vichwa vinaweza kuwa hivi:

1. Utangulizi
2. Sumukuvu na Madhara Yake kwa Walaji wa Mahindi
3. Mbinu za Utafiti
3.1 Uteuzi wa Vijiji na Wakulima
3.2 Upimaji wa Sampuli za Mahindi
4. Matokeo
4.1 Uelewa wa Wakulima kuhusu Sumukuvu
4.2 Ukaushaji wa Mahindi baada ya Mavuno
4.3 Uhifadhi katika Vihenge, Maghala na Mifuko
5. Mjadala: Mvua, Soko na Haraka ya Kuhifadhi
6. Hitimisho na Mapendekezo

Mpangilio huu humsaidia mwandishi pia kujua kila taarifa iwekwe wapi. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinavyotaka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu kwa jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kila kilo, vina nafasi yake katika sehemu ya pili, ili msomaji anapofika sehemu ya nne awe tayari na kipimo cha kuyapimia matokeo.

Ngazi za vichwa na namna ya kuzionyesha

Ngazi ni cheo cha kichwa kikilinganishwa na vingine: ngazi ya kwanza hubeba sehemu kuu, ya pili hubeba vijisehemu vyake, na ya tatu huvigawa hivyo. Mwongozo wa Chama cha Saikolojia cha Marekani, unaotumika sana katika sayansi za jamii, huruhusu ngazi tano na huzitofautisha kwa maandishi mazito, maandishi ya mlazo na mahali kichwa kinapokaa kwenye ukurasa, ilhali majarida mengi ya Kiswahili hutumia tarakimu. Mwongozo huo pia hauweki kichwa cha utangulizi, kwa kuwa aya za mwanzo hujulikana kuwa ndizo utangulizi, tofauti na desturi ya Kiswahili ambapo utangulizi kwa kawaida hupewa namba na jina. Mwandishi anapaswa kusoma mwongozo wa jarida au chuo chake mapema, kisha aufuate bila kuuchanganya na mwingine.

Mtindo wowote utakaochaguliwa, kanuni mbili hubaki. Ya kwanza ni kwamba sehemu haigawanywi katika kijisehemu kimoja tu: penye 3.1 sharti pawe na 3.2, la sivyo hakuna kilichogawanywa. Ya pili ni kwamba vichwa vya ngazi moja viwe na uzito unaokaribiana, kwa maana kwamba kichwa chenye kurasa nane kikiwa sawa na chenye aya moja, ama cha kwanza kinahitaji kugawanywa au cha pili kinahitaji kuingizwa ndani ya kingine. Kwa makala fupi ya jarida ngazi mbili hutosha, na tatu ni nyingi.

Lugha ya kichwa

Vichwa vya ngazi moja vinapaswa kuwa na umbo moja la kisarufi. Kichwa kimoja kikiwa "Ukaushaji wa Mahindi", kinachofuata kikawa "Kuhifadhi" na cha tatu kikawa "Je, Wakulima Wanajua?", msomaji hulazimika kubadili mkao wa fikra kila anapovuka sehemu. Kiswahili kina hatari nyingine ya pekee, nayo ni mnyororo wa viunganishi vya umilikishi, kama katika "Uchambuzi wa Changamoto za Uhifadhi wa Mahindi ya Wakulima wa Vijijini". Kichwa hicho kikipunguzwa kuwa "Changamoto za Uhifadhi wa Mahindi Vijijini" hakipotezi chochote, kwa sababu uchambuzi ndiyo kazi ya makala nzima, na wakulima wameshatajwa.

Kichwa pia hakipaswi kutoa hukumu ambayo ushahidi haujaithibitisha. Kichwa kama "Uzembe wa Wakulima" humtia mkulima hatiani kabla msomaji hajaona data, wakati sehemu yenyewe huenda inaonyesha mtu asiye na turubai la kuanikia mahindi yake. Haki kwa wanaotafitiwa huanzia kwenye maneno ya namna hiyo.

Kuvihakiki vichwa kabla ya kukabidhi kazi

Programu za kuandikia hutoa mitindo maalumu ya vichwa, na mwandishi anayeitumia badala ya kukoleza maandishi kwa mkono hupata orodha ya yaliyomo inayojitengeneza yenyewe. Faida yake kubwa zaidi ni kwa wasomaji wasioona, kwani programu zinazosoma maandishi kwa sauti huitambua mitindo hiyo na kumwezesha msomaji kuruka kutoka kichwa hadi kichwa, jambo lisilowezekana pale kichwa kinapokuwa maandishi ya kawaida yaliyokolezwa tu.

Orodha hiyo ya yaliyomo ndiyo hakimu wa mwisho. Mwandishi aichapishe peke yake na kumpa mtu asiyeijua kazi hiyo, kisha amwombe aeleze makala inahusu nini na hoja zinafuatanaje. Mahali atakapokwama ndipo penye tatizo, na mara nyingi tatizo hilo halimo katika maneno ya kichwa, bali katika hoja ambayo bado haijakomaa na inahitaji kuandikwa upya wakati nafasi ya kuirekebisha ingalipo.